Maji Mafu Yalipofufuka

Nilikuwa jikoni nachambua mchicha simu ilipolia, na nilipoona ni Somoe anayepiga asubuhi yote ile, nikajua kuna jambo. "Mwalimu," akasema, maana mpaka leo, na mvi zake zote kichwani, bado ananiita Mwalimu, "Bi Zuhura ametutoka. Amekwenda usingizini. Jana jioni alikuwa mzima kabisa, amegomba kwamba chai haina tangawizi." Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka kabla machozi hayajanitoka. Lau wangeniambia amekufa kimya bila kulalamikia kitu, ningewauliza kama wana hakika ni yeye. Nilifunga nguo mbili tatu, nikamwachia jirani kuku wangu, nikateremka Mtwara kwa mabasi mawili na usiku mmoja wa kulala njiani. Nilipofika Likombe, kwenye nyumba ya mwanawe, walikuwa wameshazika. Niliwakuta wanawake wamejaa mikekani, nikapewa nafasi chumbani kwake, kando ya kitanda cha chuma na cherehani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Somoe akaja akakaa pembeni yangu, akaniegemea bega kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto. Hatukusema sana. Lakini kila tulichosema kilikuwa cha mwaka mmoja tu, mwaka wa sabini na mbili, mwaka wangu wa kwanza wa kazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopangiwa shule ya kijiji ambacho hapa nitakiita Namiti, kwenye barabara ya mchanga iendayo upande wa Mnazi Bay. Mimi ni mtu wa milimani, wa ukungu na mahindi, sikuwahi kuona maji yasiyokuwa na ng'ambo. Nilifika jioni nimechafuka vumbi mpaka kope, nikaonyeshwa nyumba ya walimu iliyokuwa kwenye mwinuko nyuma ya madarasa: vyumba viwili, baraza ya mbele, jiko la makuti nyuma. Chumba kimoja kilikuwa changu. Cha pili alikaa Bi Zuhura, mwalimu wa sayansi kimu na mlezi wa wasichana, mwanamke wa Mikindani, mrefu, mwenye vipuli vya dhahabu na shingo ya kujiamini. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Marahaba. Hivyo viatu vitakupa vidonda, na hilo sanduku ukiliweka hapo mchwa watalila." Huo ndio ulikuwa ukaribisho wangu. Kwa kumbukumbu tu, vidonda nilipata, na mchwa walikula kona mbili za sanduku.

Sitaki kumpamba marehemu. Bi Zuhura alikuwa mtu wa kero. Alilalamikia kengele ya shule kwamba sauti yake inamkata maini, alilalamikia chaki, milango, sauti yangu nikiimba nyimbo za kanisani, na namna nilivyokuwa nakatakata kitunguu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalala na hasira. Kisha nikaanza kuzoea, na baada ya kuzoea nikaacha kusikia, na hapo ndipo penye kisa changu, maana shule nzima ilikuwa imeshaacha kumsikia kabla yangu. Jioni tulikula pamoja barazani, ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichoungwa nazi, siku nyingine pweza aliyepondwa mpaka akalainika. Ugali ule mweusi ulinishinda mwanzoni. Nilikuwa naulamba tu huku nikiwaza ugali mweupe wa kwetu, naye ananitazama kwa jicho la pembeni. Siku moja nilikuta sahani yangu ina ugali wa mahindi. Hakusema kitu kuhusu ugali huo, ila alilalamika kwamba unga wa dukani una mawe.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Masanja, alikuwa mtu wa bara pia, Msukuma mnene mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Nilimpenda mtu yule na sitatengua neno hilo. Alikuwa na baiskeli moja kuukuu, na kwa baiskeli hiyo alizunguka vijiji vyote mpaka Kilambo, kule watu wanakovukia Ruvuma, akiwaomba wazazi wasiwatoe binti zao shuleni. Wakati ule msichana akifika darasa la tano alikuwa ameshachezwa unyago, posa zimeanza kupiga hodi, na shule iko mbali. Wengi wa wasichana wetu walikaa kwa shangazi na mama wadogo pale Namiti, na maji ya kisima yaliwachosha kuliko hesabu. Somoe alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwembamba, mweusi, mwepesi wa kukariri, na shangazi yake alimtwisha kazi kiasi kwamba alisinzia dawatini akiwa ameshika kalamu. Baba yake, Mzee Bakari, mkulima wa mikorosho na mihogo upande wa Kilambo, alikuwa tayari amepokea posa. Mwalimu Masanja akamwendea. Nilikuwepo, nilipakiwa nyuma ya baiskeli ili baba mtu aone kwamba mwanamke anaweza kusoma na asiote mkia. Mzee Bakari alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mimi sina ugomvi na kitabu. Nina ugomvi na mahali anapolala. Nijengee mahali pa mwanangu kulala, nitarudisha posa ya watu."

"Nipe mpaka mwezi wa kumi," akasema Mwalimu Masanja. "Ukikuta bweni, unaniachia mtoto. Usipolikuta, mchukue, sitasema neno." Aliahidi hivyo kwa wazazi wengi, si kwa Mzee Bakari peke yake. Tulirudi giza linaingia, yeye anapiga filimbi kwa furaha, mimi nimeshika tandiko nikiomba tusianguke. Ndoto ya mwaka ule ilikuwa ni hilo bweni, na kila mtu alijua kwamba bweni likikosekana, wasichana watakwenda na Somoe atakuwa wa kwanza.

Wilaya ilitoa saruji na mabati, kijiji kikatoa nguvu. Kilichobaki ni kiwanja. Kijiji kizima kilikuwa mikorosho mitupu, na hakuna aliyekuwa tayari mikorosho yake ikatwe. Ndipo Mwalimu Masanja alipoona uwanda mmoja mzuri chini ya shule, tambarare, mchanga mweupe, umezungukwa na mikoko kwa mbali, hauna mti wala mwenyewe. Tulishangaa kwa nini haukutumika siku zote. Yeye na mwalimu wa kilimo walikwenda na kamba na vigingi mwezi wa sita, wakapima, wakarudi wameloa jasho wakiwa na furaha. Bahari ilikuwa mbali kule nyuma ya mikoko. Siku mbili baadaye akaita kikao cha walimu.

Kikao kile nakiona mpaka leo. Ofisi ya walimu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu iliyopungukiwa na mguu mmoja, ikaegemezwa kwa tofali. Kulikuwa na chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha kwenye sinia. Mwalimu Masanja alieleza kiwanja chake kwa mikono yote miwili, mpaka tukaanza kuona vitanda na vyandarua. Mwisho akauliza kama alivyokuwa akiuliza siku zote, "Kuna mwenye neno?" na kama siku zote alikuwa tayari ameanza kukunja karatasi zake.

"Mimi nina neno," akasema Bi Zuhura.

Mwalimu wa kilimo akavuta pumzi, akajimiminia chai.

"Karibu, Bi Zuhura."

"Kwanza, hiki kikombe kina ufa, nimesema tangu Pasaka. Pili, kile kiwanja mmekipima maji mafu."

"Maji mafu?" akauliza Mwalimu Masanja.

"Mafu, ndiyo. Mlikwenda lini? Juzi. Basi yale ni maji mafu."

Uso wa Mwalimu Masanja ukachanua. "Ahsante sana, Bi Zuhura. Nikwambie ukweli, mimi mtu wa bara, nilikuwa na wasiwasi kidogo na bahari ile. Lakini kama mwenyeji mwenyewe unasema maji ya pale yameshakufa, basi moyo wangu umetulia."

"Mungu ayalaze mahali pema," akadakia mwalimu wa kilimo, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua. Bi Zuhura alituzungushia macho mmoja mmoja. Alijivuta kanga mabegani, akasema neno moja tu. "Haya."

"Mnaona?" akasema Mwalimu Masanja. "Leo hata Bi Zuhura amekubali. Tumekubaliana."

Ewe msomaji wa bara, nikueleze sasa kile ambacho hakuna aliyetueleza siku ile. Bahari ina siku za uvivu na siku za nguvu. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na watu wa pwani huyaita maji mafu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mpaka mbali na kujaa mpaka juu kabisa, na hayo ndiyo bamvua. Bi Zuhura alikuwa anamwambia Mwalimu Mkuu kwamba amekwenda kuipima bahari ikiwa imelala. Yeye akasikia kwamba bahari imekufa. Na ile "haya" ya Bi Zuhura, ambayo niliishi nayo nyumba moja nikaijua vizuri, haikuwahi kuwa ya kukubali hata siku moja. Maana yake ilikuwa fanyeni mnavyotaka, mimi naondoka. Kwa hiyo aliyetoa onyo akadhani amesikika na kudharauliwa, na aliyeonywa akadhani ameungwa mkono. Wote wawili wakatoka ofisini na hakika yao. Nimehudhuria vikao vingi tangu siku ile, vya walimu, vya kanisa, hata vya harusi, na nimeona jambo hilohilo likirudi likiwa limevaa nguo nyingine. Mtu anaulizwa kama ana neno, anasema neno lake, wenzake wanacheka kidogo, naye anahesabiwa miongoni mwa waliokubali.

Jioni ile hatukula barazani. Bi Zuhura alikuwa jikoni na jirani yake, na sauti zao zilinifikia kupitia ukuta wa makuti. "Nimewaambia, wakanicheka." "Labda wana ujuzi wao, dada. Serikali hiyo." "Labda." Alipokuja na sahani nikamwuliza, "Bi Zuhura, kwani kile kiwanja kina nini?" "Kula, mwanangu." Nikauliza tena siku nyingine, naye akanijibu kwa ukali, "Nimesema mbele ya watu wazima, nimechekwa. Mdomo wangu si kengele ya shule, kila anayeuvuta ulie." Sikuuliza tena. Baadaye nilielewa kwamba kicheko kilimuuma kuliko kosa la kiwanja, na katika hilo hata yeye alikuwa na lake la kujibu. Alijua hivyo, ndiyo maana miezi iliyofuata kero zake zilizidi mara mbili.

Bweni likaanza kupanda. Miezi ile ya saba na ya nane ni miezi mizuri mno Mtwara, upepo wa baridi kidogo, mikorosho inaanza kuchanua na harufu yake tamu inaingia mpaka darasani. Kina baba walifyatua matofali asubuhi na kwenda mashambani mwao jua likifika kichwani, kina mama walibeba maji wakiimba, nasi na wanafunzi tulisomba mchanga kwa karai. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita vya ukombozi, siku nyingine tulisikia ndege na watu wakanyamaza kwa muda, kisha nyimbo zikaendelea. Sijawahi tena katika maisha yangu kufanya kazi na watu wengi kiasi kile wanaotaka kitu kimoja. Nikifumba macho naweza kumwona Somoe na karai lake kichwani, anatembea huku anarudia majina ya mito ya Afrika.

Shule yetu ilisifika kwa usafi. Mwalimu Masanja alipiga filimbi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kundi la zamu likaenea uwanjani na fagio za chelewa, wakifagia kwa mistari mpaka mchanga ukaonekana umechanwa kwa kitana. Yeye mwenyewe alishuka saa moja na nusu kukagua. Kiwanja cha bweni kiliongezwa kwenye zamu. Na kila baada ya majuma mawili hivi, watoto walikuta pale mstari wa mwani mbichi, vijiti na maganda ya kaa, umelazwa vizuri kandokando ya msingi, siku nyingine umeugusa kabisa. Walikuwa watoto watiifu. Waliufagia wakautupa mikokoni, wakachora mistari yao juu yake, na Mwalimu Mkuu akishuka anakuta pasafi, anawasifu. Bahari ilikuwa inamwandikia kila mara, nasi tunamfutia kabla hajasoma.

Ikabaki kuchagua siku ya ufunguzi. Hapa ndipo roho yake nzuri ilipomponza. Wazazi wengi wangetoka mbali, wengine mpaka Kilambo, na wangerudi kwa miguu usiku. Kwa hiyo akatazama kalenda, akachagua Jumamosi ya mwezi mpevu, katika mwezi wa kumi, ili watu wapate mbalamwezi ya kurudia makwao. "Sherehe saa tisa, mgeni rasmi azungumze saa kumi, pilau, halafu watu waende na mwanga wao," alisema, na tukampongeza kwa kuwafikiria wazee. Kwao Usukumani, mwezi mpevu ni taa tu. Bi Zuhura alisikia tarehe hiyo, akaweka kikombe chake chini. Kesho yake alianza kero mpya: magodoro ya sufi yana kunguni, hayaingii bwenini mpaka yaanikwe kwake siku nne. Na masanduku ya wasichana lazima yakaguliwe chawa, yote yaletwe nyumbani kwetu. Nilishinda juma zima naruka masanduku ya bati ili nifike kitandani kwangu, nikinung'unika, na Mwalimu Masanja akacheka, akasema mwachieni mama wa watu furaha yake.

Siku ikafika. Mabati mapya yaling'aa mpaka macho yakauma. Mgeni rasmi alikaa mbele ya mlango wa bweni kwenye kiti chenye kitambaa, viatu vyeusi vimepigwa rangi. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto na nyuma, upande wa mikoko. Somoe alisimama mbele ya wenzake akakariri shairi alilotungiwa, baba yake akiwa amekunja mikono, anajizuia kutabasamu. Mwalimu Masanja akasimama. Akashukuru wilaya, akashukuru kijiji, akasema, "Na namshukuru Bi Zuhura wetu, ambaye si mtu wa kukubali mambo hovyo, mnamjua." Watu wakacheka. "Ni yeye aliyetuhakikishia kwamba hapa maji yalikwisha kufa."

Niliona baadhi ya wazee wakitazamana.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kimya, na waliyajua kwanza kina mama wa nyuma, ambao waliinua miguu na pindo za kanga, wakasogea mbele kidogo, bila kusema kitu, kwa adabu, maana mkubwa alikuwa anazungumza. Kisha safu nyingine ikasogea, na nyingine. Mwalimu Masanja aliona watu wanamkaribia, akadhani hawasikii, akapaza sauti. Mtoto mmoja akacheka na kuelekeza kidole. Maji yalikuwa yanapita chini ya kiti cha mgeni rasmi, membamba, safi, yamebeba majani ya mikoko, yakaingia mlango wa bweni kama mwenye nyumba. Sufuria ya pilau iliwahiwa. Viti havikuwahiwa. Tuliposimama kwenye mwinuko na kugeuka nyuma, bweni letu lilikuwa limesimama katikati ya bahari, sakafu yake mpya iko chini ya maji yafikayo vifundoni, na utepe haujakatwa.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Bakari alikuja akamshika Somoe mkono. "Kesho asubuhi nakuja kuchukua sanduku lake," alimwambia Mwalimu Mkuu, bila ukali wowote. "Ulisema mwenyewe."

"Mzee wangu," Mwalimu Masanja aliuliza, "mlijua?"

"Sisi wa mashambani hatuijui sana bahari. Wanaoijua walijua. Lakini tulidhani ninyi wataalamu mna dawa yake. Na tuliambiwa Bi Zuhura amekubali."

Kabla ya magharibi nilikuwa barazani na Bi Zuhura, tumezungukwa na magodoro na masanduku makavu, tuliposikia hodi. Mwalimu Masanja alisimama nje, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. Sijapata kumwona mtu mkubwa amepungua vile kwa saa mbili. Bi Zuhura hakumkaribisha mara moja.

"Futa miguu. Nimepiga deki."

Akafuta. Akakaa kwenye sanduku la Somoe. Akauliza, "Bi Zuhura, maji mafu ni nini?"

Namwona Bi Zuhura anavyomtazama. Nadhani mpaka dakika ile aliamini kabisa kwamba mtu huyu alijua na akampuuza. Mkono wake ulipanda mdomoni. "Hukujua?"

"Sikujua. Nilifikiri yamekufa."

"Mungu wangu," akasema Bi Zuhura, na akakaa chini sakafuni, kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele ya mwanamume. Akamweleza yote, mwezi nusu, mwezi mpevu, bamvua ya mwezi wa kumi na ya mwezi wa tatu, akichora kwa kidole penye majimaji yaliyoachwa na miguu ya Mwalimu Masanja. Alipomaliza, macho yake yalikuwa yamejaa. "Ningerudia. Ningekufuata ofisini nikakushika shati. Lakini mlicheka, Mwalimu."

"Tulicheka," akasema. "Na mimi sikuuliza. Neno silijui, halafu nikalitolea shukrani."

Asubuhi wazazi walikuja, wengine na punda, wengine na vichwa vyao tu vya kubebea. Mwalimu Masanja alisimama kwenye ngazi ya baraza yetu. Hakulaumu wilaya, hakulaumu mvua wala mwezi. Alisema, "Wazazi wangu, nilionywa. Mtu mmoja aliniambia mapema, mbele ya watu, kwa Kiswahili. Nilidhani amekubali kwa kuwa nilitaka akubali. Bi Zuhura hakukubali hata siku moja. Mkichukua mabinti zenu mna haki." Baadhi waliinua masanduku. Hadija, msichana mcheshi aliyekuwa akiniiga sauti, aliondoka asubuhi ile na baba yake, akageuka mara moja kunipungia mkono, na sikumwona tena. Wapo na wengine. Sitaki kusimulia kana kwamba kila kitu kilirekebika, maana hakikurekebika.

Mzee Bakari alikuwa ameshika sanduku la Somoe kwa mpini. Akamgeukia Bi Zuhura. "Wewe unasemaje? Walale wapi?"

Bi Zuhura akajinyoosha. Alitazama kulia, akatazama kushoto, na nikajua kwamba kuna kero inakuja, kubwa kuliko zote. "Nyumba ya Mwalimu Mkuu iko juu kuliko zote hapa," akasema. "Ina vyumba vitatu na mtu mmoja anayekoroma. Wasichana walale pale. Yeye akalale bwenini mwake, kwa maiti zake za maji."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mwalimu Masanja mwenyewe, kicheko kile cha tumboni, na wengine wakakifuata, na Mzee Bakari akaliweka sanduku chini.

Alihama siku ileile. Aliishi katika lile bweni mpaka kijiji kilipokubali kukata mikorosho michache na kujenga jingine juu, mwaka uliofuata. Alipandisha kitanda chake juu ya matofali. Kila bamvua alikaa juu yake jioni akisahihisha madaftari huku maji yanaingia na kutoka, na watoto walikwenda kumchungulia. Kikaoni hakuuliza tena kama kuna mwenye neno. Aliuliza, "Nani hajakubali?" na akangoja, akatungoja mpaka tukaona haya, na ukisema neno asilolijua alikusimamisha hapohapo akuulize maana yake. Zamu ya usafi iliendelea, ila kwa amri mpya. Wafagiaji walishika fagio, wakasimama, mpaka yeye au mwalimu wa zamu apite atazame chini. "Subirini nione kwanza," alikuwa akisema, ameinama, mikono nyuma. "Haya, sasa fagieni." Bi Zuhura aliendelea kulalamika vilevile kuhusu kengele, chaki na vikombe. Tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na mtu anayechukua kikombe na kukigeuza aone ufa. Mara nyingi ufa ulikuwepo.

Mwalimu Masanja alihamishwa, akastaafu kwao, akafa zamani. Somoe alimaliza la saba, akaendelea, akawa mwalimu, akawa mwalimu mkuu miaka mingi, na walimu waliokuwa chini yake wananiambia alikuwa msumbufu kwenye vikao, hamalizi mpaka aulize nani hajakubali.

Nililala Likombe usiku ule wa msiba. Alfajiri, wageni wengi wakiwa wameondoka, nilitoka uani kunawa uso. Kijukuu cha Bi Zuhura, kisichana cha miaka kumi hivi, kilikuwa kimeshika ufagio wa chelewa, kinaanza kwenye kile kijia chembamba kati ya ukuta na tangi la maji, ambako waombolezaji hawakupita.

"Subiri, mama," nikasikia Somoe nyuma yangu. "Nione kwanza."

Akainama, mikono nyuma. Nami nikainama. Kwenye mchanga, kutoka mlango wa chumba cha Bi Zuhura mpaka dirisha la jikoni, kulikuwa na vishimo vidogo vya mkongojo wake wa uzeeni, kimoja baada ya kingine, na mbele ya dirisha vilikuwa vingi, vimerundikana, pale aliposimama jioni ya mwisho kuwaambia kwamba chai haina tangawizi.

Tulitazama mpaka jua likafika ukutani. Kisha Somoe akamwambia yule mtoto afagie uani kote, ila hapo apaache.